Nyama za pua: usikimbilie kukatwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Makorora, Tanga. Tangu kaskazi ianze pua inaniziba. Usiku nikilalia ubavu wa kulia, mwanzi wa kulia unaziba. Nikijigeuza, unaziba wa kushoto. Nilinunua dawa ya kupulizia kwenye duka la dawa, ikanifungua papo hapo. Sasa ni mwezi wa pili, nisipopuliza mara tano kwa siku sipumui, na kila nikipuliza nasikia uchungu wa dawa kooni. Jirani kanichungulia kwa tochi, kasema nina nyama za pua. Anamjua mzee anayekata vimeo, eti na hizo anaziweza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa huyo mzee usiende. Nakuomba sana.

Jirani yako ameona kitu cha kweli, ila si ugonjwa. Kwenye ukuta wa pembeni wa kila tundu la pua kuna vifupa vitatu vyembamba vilivyojikunja, kimoja juu ya kingine, vikiwa vimevikwa nyama laini iliyojaa mishipa ya damu. Cha chini ndicho kikubwa, na ndicho kinachoonekana kwa tochi, chekundu, kinang'aa kwa unyevu. Unavyo wewe, ninavyo mimi, na jirani anavyo. Siku ukipata kichwa cha mbuzi kilichopasuliwa kwa urefu, kiangalie kabla hakijaingia kwenye sufuria ya supu; utaviona, ingawa vya mbuzi vimejikunja zaidi kuliko vyetu. Hewa ikipita hapo inapata joto na unyevu, na vumbi linanasa kwenye kamasi. Anayezikata nyama hizo na kuzimaliza anakuachia pua kavu yenye magamba, na wapo waliobaki wakihisi wamezibwa ilhali njia iko wazi kabisa.

Nyama hizo huvimba na kunywea kwa zamu. Upande mmoja ukijaa damu, wa pili unapungua, na baada ya saa chache hubadilishana. Daktari wa Kijerumani, Richard Kayser, aliliandika jambo hili mwaka 1895. Mwenye pua nzima hata halihisi. Ukilala ubavu, upande wa chini ndio unaojaa. Kwa hiyo kuhamahama kwa kuziba kwako kunanipa moyo: kinachoziba hapo ni uvimbe wa mishipa, unaokuja na kuondoka.

Dawa ndiyo inayonitia wasiwasi. Dawa nyingi za kufungua pua papo hapo, kama oksimetazolini na zailometazolini, huibana mishipa hiyo. Nguvu ikiisha, mishipa inafutuka. Ukipuliza siku 3 hakuna neno. Ukipitisha 5 unajitafutia balaa, maana mishipa huzoea, na kila dawa inapoisha inavimba kuliko mwanzo. Ndiyo hali uliyonayo. Iache. Ukishindwa kuacha kwa mara moja, acha upande mmoja kwanza, mwingine uendelee kupuliza, kisha uache na huo. Usiku wa mwanzo utakuwa mgumu, inua mto. Suuza pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa robo lita. Ya bomba au kisima yasiyochemshwa usiyaingize puani kabisa.

Na ule uchungu? Watu wengi wanadhani pua inapanda juu kuelekea machoni, kwa sababu ndivyo inavyoonekana usoni. Sakafu yake imelala juu ya kaakaa, inakwenda moja kwa moja nyuma, kama sentimita 7 kwa mtu mzima, hadi nyuma ya koo. Ukiinua kichwa na kuvuta kwa nguvu, dawa inateleza sakafuni na kuingia kooni, na nyama inayoihitaji haiipati. Daktari akikuandikia dawa nyingine ya kupulizia, inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa pua ya kushoto, na wa kushoto kwa ya kulia, uelekeze upande wa sikio. Ukuta wa kati usiupulizie. Mbele yake mishipa iko karibu sana na ngozi, na damu nyingi za puani hutoka hapo.

Nyuzi za vitambaa nazo zina lao kwenye kazi yako. Jifunge barakoa unapokata, na kitambaa kipya kifue kwanza kama mteja ataridhia.

Pua isipofunguka baada ya wiki mbili tatu, nenda hospitali ya Bombo, uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Upande mmoja ukiziba bila kubadilishana, ukatoa damu au uchafu unaonuka, usingoje hata hizo wiki. Kuna vimbe halisi za puani, za rangi ya kijivu, na kuzitambua kunataka kifaa na jicho la mtaalamu. Nenda na chupa ya hiyo dawa, daktari aisome mwenyewe.