Chrysler C-300: Lala Chini ya Gari Kabla Hujalilipia

Kila nikifika na gari hili kwenye harusi au kipaimara cha Waswahili wenzangu hapa Ohio, swali la kwanza ni lile lile: umelinunua bei gani? Hakuna aliyewahi kuniuliza linasimamaje. Mimi mwenyewe sikuuliza.

Ni Chrysler C-300 ya 1955, nyeusi. Mwaka ule yalitengenezwa takriban 1,725 tu, kwa rangi tatu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hiyo 300 ni nguvu za farasi, kutoka kwenye V8 ya Hemi (injini ya silinda nane ambayo vyumba vyake vya kuunguzia mafuta vina umbo la nusu tufe) ya lita 5.4 yenye kabureta mbili. Carl Kiekhaefer, tajiri wa injini za boti, aliyaingiza kwenye NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya hapa Marekani, na Tim Flock akabeba ubingwa wa 1955 akiwa na timu yake. Ndiyo maana watu wazima tunapagawa.

Tangazo lilidai gari limefufuliwa lote. Nililizunguka mara tatu nikijiona kwenye rangi kama kioo. Fundi mstaafu niliyekwenda naye hata hakuitazama rangi. Alitoa mfukoni sumaku ya friji, akaifunga kitambaa, akaipitisha taratibu chini ya milango na nyuma ya matairi. Nyuma ya tairi la kulia ikadondoka. Puti tupu, hakuna bati. Akanitandikia boksi chini: "Haya, lala." Huko chini niliona bati jipya limechomelewa juu ya kutu ya zamani, kama kiraka juu ya kidonda. Bei ilishuka, nikanunua.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo: nenda na sumaku, tochi na mtu asiyelipenda gari lile. Halafu hesabu kromu na urembo wake, kipande kimoja kimoja. Injini inatengenezeka, kipande cha pembeni kilichopotea kwenye gari la idadi ndogo hivi kitakufanya ukisake miaka.

Ukiliwasha, sikiliza. Valvu za injini hii zinapiga "ti-ti-ti" kama cherehani, na ndivyo zilivyo. Likiwa kimya kabisa, uliza nani alizikaza, maana valvu iliyokazwa kupita kiasi huungua. Kisha chomoa waya wa plagi. Plagi za Hemi hii zimekaa ndani kabisa, kwenye mirija inayopita katikati ya kifuniko cha valvu. Yangu niliposhusha spana ya plagi ilirudi imelowa oili. Sili za mirija zilikuwa zimekauka. Ni kazi ndogo, lakini ilinionyesha kwamba aliyepaka rangi hakufungua injini.

Umeme ni wa volti 6, na upande wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi. Usimruhusu mtu akuazime umeme wa gari lake la volti 12. Kama stata inazunguka kwa uvivu, usikimbilie kununua betri: angalia unene wa nyaya kwanza. Zangu zilikuwa nyembamba, za gari la kisasa. Nilipoweka nene, ugonjwa ukaisha.

Boliti za magurudumu ya kushoto zinafunguliwa kinyume na ulivyozoea. Kijana wa duka la matairi, akidhani anazifungua, alizibana kwa mashine mpaka mbili zikakatika, nami nimesimama pale pale na kahawa mkononi.

Sasa breki. Zote nne ni za ngoma, na zinategemea mfumo mmoja wa mafuta: mpira mmoja wa kupitisha mafuta hayo ukipasuka, pedali inazama hadi sakafuni. Badilisha mipira yote siku ya kwanza, hata kama muuzaji ana risiti. Gia ni otomatiki ya mbele mbili, mkono wake unachomoza kwenye dashibodi, na haina P, ile ya kufunga gari likiegeshwa. Kuegesha unategemea breki ya mkono peke yake, ambayo haikamati magurudumu bali propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, pale nyuma ya gia boksi. Gia boksi ikivuja, oili inaingia humo humo na breki haishiki.

Yangu ilikuwa inavuja. Jumapili moja niliegesha mbele ya nyumba, kwenye kamteremko ambako hata mpira wa mtoto hubingirika kwa kusuasua, nikaingia kunywa chai. Mke wangu alikuwa dirishani. "Baba Neema," akasema kwa utulivu wa ajabu, "gari lako linaondoka." Nilitoka peku. Liliishia kwenye nyasi za jirani, limelalia sanduku lake la barua.

Breki nimeitengeneza, inashika vizuri. Hata hivyo kwenye buti kuna gogo la mbao, kama la utingo wa lori la Mbeya, na Neema ana miaka tisa: nikisimama tu, anaruka nalo chini, analisukumia nyuma ya tairi, kisha anagonga bodi mara mbili.