Hagan wa Benfica: maswali yenu

Wiki iliyopita nilimtaja Jimmy Hagan, Mwingereza aliyeifundisha Benfica ya Eusébio, klabu ya Lisbon, Ureno. Maswali yamemiminika, nami nimechagua haya manne.

Shikamoo mzee. Kama Hagan alikuwa fundi hivyo, mbona anahesabiwa mechi moja tu timu ya taifa?

Marahaba mwanangu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomla. Alizaliwa 1918, kwa hiyo vita ilipoanza 1939 alikuwa na miaka 21, na ligi iliporudi 1946 alishafika 28. Katikati hapo aliichezea England mechi 16 na kufunga mabao 13, moja akiifunga Scotland pale Wembley kabla dakika ya kwanza haijaisha. Ila mechi za wakati wa vita haziingii kwenye hesabu rasmi. Iliyoingia ni ile ya Copenhagen, Septemba 1948, sare ya 0-0 na Denmark. Hakuitwa tena. Mimi nasema alionewa.

Ni kweli alikataa kuhamia kwa watani wa jadi?

Kweli. Mwaka 1951, akiichezea Sheffield United, watani wao Sheffield Wednesday waliweka mezani pauni 32,500, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Viongozi wa United wakakubali, mchezaji mwenyewe akagoma. Alibaki pale hadi 1958.

Nimesoma kwamba wachezaji wake walimgomea. Alikuwa mkali kiasi hicho?

Alikuwa mkali, sitamtetea kwa hilo. Desemba 1963, akiwa kocha wa West Bromwich Albion, baridi ilikuwa kali na wachezaji walitaka kufanya mazoezi wakiwa wamevaa suruali za traksuti. Akakataa: kaptula tu. Wakagoma. Lakini timu hiyo hiyo ilibeba Kombe la Ligi 1966 chini yake. Na kabla ya hapo, Peterborough walipoingia ligi kwa mara ya kwanza, aliwapa ubingwa wa Daraja la Nne msimu wa 1960/61 kwa mabao 134. Ukali wake ulizaa mabao, tumpe haki yake.

Wanaosema Benfica ilishinda kwa sababu ya Eusébio, si kocha, wamekosea?

Swali hili nalipenda. Eusébio, mtoto wa Msumbiji, alikuwa nyota miaka mingi kabla Hagan hajafika Lisbon mwaka 1970. Lakini tazama msimu wa 1972/73. Eusébio ana miaka 30 na ushee, magoti yameshapasuliwa mara kadhaa, na bado anafunga mabao 40 ya ligi na kuchukua Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, tuzo ya mfungaji bora wa ligi za Ulaya. Benfica inashinda mechi 23 za mwanzo mfululizo. Inamaliza mechi 30 ikiwa imeshinda 28 na kutoka sare 2, mabao 101 ya kufunga, 13 ya kufungwa. Timu haifiki huko kwa miguu ya mtu mmoja. Wachezaji walilalamikia mazoezi yake, lakini dakika za mwisho walikuwa bado wanakimbia wakati wapinzani wameshika viuno. Ulikuwa ubingwa wake wa tatu katika misimu mitatu.

Kombe la Klabu Bingwa Ulaya ndilo lililomshinda. Ajax walimtoa nusu fainali 1972 kwa bao 1-0 la mechi mbili, na msimu uliofuata akatolewa na Derby County, klabu ya England iliyomuuza akiwa mchezaji mwaka 1938. Naamini hilo lilimuuma.

Kilichomwondoa ni ukali ule ule. Septemba 1973 iliandaliwa mechi ya kumuenzi Eusébio. Hagan akawaengua baadhi ya wachezaji ambao hawakumaliza mazoezi, rais wa klabu akataka wacheze. Kocha hakubishana sana. Akafungasha, akaondoka, bingwa mara tatu ambaye ligi ilikuwa haijamfunga hata mechi moja msimu uliopita. Baadaye alirudi Ureno kufundisha klabu nyingine, na mwaka 1979 akaipa Boavista Kombe la Ureno.