Jibu: Ozoni na bwawa la mapambo linalogeuka kijani
Ndugu, umeeleza kwamba bwawa la bustani yenu hujazwa maji taka yaliyosafishwa na hugeuka kijani kila msimu wa joto, ukauliza iwapo ozoni itatosha. Ozoni, gesi inayotengenezwa kwa mashine kutokana na oksijeni, hupasua kuta za seli za mwani, hufifisha rangi ya maji na kupunguza harufu, kisha kwa muda mfupi hurudi kuwa oksijeni. Tatizo ni kwamba haiondoi fosforasi, ambayo ndiyo chakula cha mwani na ambayo maji ya aina hiyo huwa nayo tele. Mwani uliopasuka huirudisha majini, na rangi hurejea. Kwa hiyo mimi ningeanza na shabu, inayoishika fosforasi ikatuama chini, ndipo maji yapitishwe kwenye tangi la ozoni lililofungwa, kisha kwenye chujio la mchanga, kabla ya kurudi bwawani. Msiipulize ozoni moja kwa moja penye samaki, kwa maana huunguza matamvua yao, na chumba cha mashine kipitishe hewa vizuri: nchini Marekani, mpaka wa kisheria wa ozoni hewani kwa saa 8 za kazi ni sehemu 0.1 tu kwa milioni. Ama ule mwani wa nyuzinyuzi ulioganda kwenye mawe, huo ozoni ya tangini haiufikii. Usugueni kwa brashi.