RAID 0 kwenye laptopu ya magemu: niliiweka, nikaivunja

Laptopu yangu ilikuja na SSD moja (diski ya chipu, isiyo na sehemu zinazozunguka) na nafasi ya M.2, tundu la kuchomekea SSD ndogo, iliyokuwa tupu. Nilipoongeza SSD ya pili, zote mbili za SATA (aina ya zamani, yenye kasi ndogo), sikutaka ujinga wa kuwa na diski mbili, C na D. Nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu kabla Windows haijawaka, nikaziunganisha kwa RAID 0, mfumo unaofanya diski mbili zionekane kama moja ili zifanye kazi kwa pamoja, nikasakinisha Windows upya, kisha nikakimbilia programu ya kupima kasi. Diski moja ilikuwa ikisoma kama megabaiti 550 kwa sekunde. Mbili kwa pamoja zikapita 1,000. Nikapiga picha skrini na kuwarushia marafiki, maana raha ya RAID 0 kwa kweli huwa ni hiyo picha.

Halafu nikafungua gemu. Nikashika saa ya simu, nikapima muda wa kupakia ramani ileile niliyoipima kabla. Tofauti haikufika sekunde moja.

Nilidhani nimekosea mahali. Sikuwa nimekosea. RAID 0 hukata data vipande, tuseme vya kilobaiti 128, na kuvigawa kwa zamu: hiki diski ya kwanza, kinachofuata ya pili. Faili kubwa likisomwa mfululizo, diski zote zinafanya kazi. Lakini gemu inapopakia, sehemu kubwa ya usomaji ni vijisehemu vidogo vilivyotawanyika huku na kule. Kitu cha kilobaiti 4 kinakaa chote ndani ya kipande kimoja, kwa hiyo diski moja inakileta na nyingine haina la kufanya. Wachukuzi wawili wenye magunia ishirini watamaliza mapema. Wape bahasha moja, mmoja ataibeba na mwenzake atamsindikiza. Isitoshe, data ikishasomwa prosesa bado ina kazi ya kuifungua na kuipanga, na hapo diski haina msaada wowote.

Wenye NVMe, yaani SSD za kasi zaidi zinazopitia njia ya PCIe, wasicheke. SSD moja ya PCIe 4.0 hufika karibu megabaiti 7,000 kwa sekunde, na gemu nyingi hazijui zifanyie nini kasi hiyo. Kuna pia laptopu za Intel za miaka ya nyuma ambazo nafasi zote mbili za M.2 hupitia chipseti (chipu inayounganisha vifaa na prosesa), na chipseti hiyo inazungumza na prosesa kwa njia yenye upana wa SSD moja tu ya PCIe 3.0. Unaunganisha mbili, unapata kasi ya moja.

Miezi saba baadaye niliwasha laptopu ikaniambia haioni pa kuanzia. SSD moja ilikuwa imekufa kimya kimya. Ile nyingine ilikuwa nzima kabisa, ila imebeba nusu ya kila faili kubwa, yaani haina faida yoyote. Magemu niliyapakua tena, nikalipa kwa bando na subira. Sevu za gemu mbili ambazo hazikuwa zikihifadhiwa mtandaoni zilipotea, pamoja na modi (nyongeza za gemu) nilizozipanga kwa wiki nzima. Piga hesabu mwenyewe: kama diski moja ina uwezekano wa 3 kwa 100 wa kufa ndani ya mwaka, ukiziunganisha mbili unakaribia 6 kwa 100, na yoyote ikifa, vyote vimekwenda.

RAID 1, inayoandika nakala ileile kwenye diski zote mbili, je? Inaokoa diski ikifa, lakini inakula nusu ya nafasi, na ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote kote. Laptopu ikiibiwa, nakala zote mbili zimeibiwa. Heri diski ya nje.

Sasa diski zangu zimetengana. Ya kwanza ina Windows na gemu ninazocheza kila siku. Ya pili ina zilizobaki na video ninazorekodi. Steam hukuruhusu kuwa na maktaba kwenye diski zaidi ya moja na kuhamisha gemu bila kuipakua upya. Nikisafisha Windows, diski ya pili siigusi. Naionyesha Steam folda tu. Ninayemwelewa akichagua RAID 0 ni anayehariri video nzito na kuweka nakala nje kila siku.

Ukiamua kuivunja, hamisha kila kitu kwanza, kwa sababu kuvunja kunafuta vyote. Na usichanganye mambo: laptopu nyingi hutoka kiwandani BIOS ikiwa kwenye RAID au VMD (mfumo wa Intel wa kusimamia diski) hata kama diski ni moja. Hilo halikuumizi, liache. Ukilazimika kubadili kwenda AHCI (hali ya kawaida ya kuendesha diski bila RAID), iandae kwanza Windows iwake kwa hali salama, ndipo ubadili, la sivyo utakutana na skrini ya bluu. Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (ulinzi wa Windows unaosimba data ya diski) uwe umeuandika kando kabla hujagusa BIOS. Mimi niliukumbuka nikiwa tayari ninaombwa niuingize.