Kamera ya porini: inategemea ipi

Kaka, unayesema kuwinda kwa msaada wa kamera ya porini, ile inayofungwa mtini na kupiga picha yenyewe mnyama akipita, ni uvivu mtupu, tutenganishe. Ile inayohifadhi picha kwenye kadi bado inakutoa jasho: usome nyayo, uifunge mtini, urudi kuchukua picha, na kila ukirudi unaacha harufu yako. Ninayoikataa ni inayotuma picha kwenye simu papo hapo. Mnyama yuko dimbwini anakunywa, wewe unamwona ukiwa kitandani! Arizona, Marekani, walipiga marufuku kamera zote za kuwindia kuanzia 2022. Kwenye ukame, vyanzo vingi vya maji vilikuwa vimezungukwa nazo. Kwetu Uganda, kuwinda bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori, ni ujangili tu, uwe na kamera au usiwe nayo. Katika msitu wa hifadhi wa Bwindi watafiti huzitumia kufuatilia wanyama. Hiyo sina neno nayo.