Mdogo wangu wanataka kumpa arseniki, si ndo sumu ya panya hiyo?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kike ana miaka 26, alianza kutoka damu kwenye fizi akipiga mswaki, mara miguuni alama za bluu na hajagonga popote, mara hedhi siku kumi na mbili haikati. Kituo cha kwanza wakampa dawa ya malaria na vidonge vya kuongeza damu tukarudi nyumbani. Siku ya nne damu ya puani ikagoma kukata, tukamkimbiza hospitali ya rufaa, wakamtoa uboho, wakasema lukemia, saratani ya damu, aina ya APL. Sa hivi ana wiki ya tatu wodini anameza ATRA na damu imekata. Sasa wanataka kuanza dripu ya arseniki na mama kakataa katakata. Niambie ukweli, atapona?
Kaka mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na mama mpe pole yake peke yake. Nafasi ya kupona anayo, tena kubwa, na nikisema kupona namaanisha kupona kabisa.

Zamani ilikuwa hivyo hivyo mnavyoogopa. Mwaka 1957 daktari wa Norway, Leif Hillestad, alieleza wagonjwa watatu, wote ugonjwa uliwaondoa ndani ya wiki chache. Kilichobadilisha mambo ni hivyo vidonge anavyomeza, ni jamaa ya vitamini A, Profesa Wang Zhenyi wa Shanghai alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 mwaka 1985 akiwa hoi akapata nafuu. Yaani kwenye ugonjwa huu kromosomu ya 15 na ya 17 zimebadilishana vipande, seli changa za damu zinagoma kukomaa, ATRA inazikomaza.

Sasa arseniki. Mama hajakosea, ni sumu kweli, ila kwa kipimo cha daktari inaivunja ile protini mbovu iliyotokana na hivyo vipande, na madaktari wa Harbin huko China wameitumia tangu miaka ya 70. Mwaka 2013 yalitoka majibu ya utafiti wa Italia na Ujerumani, wagonjwa ambao seli nyeupe hazikuzidi 10,000 walipewa ATRA na arseniki bila kemo (zile dawa kali za kuua seli za saratani), baada ya miaka 2 asilimia 99 walikuwa hai, waliopewa ATRA na kemo asilimia 91. Msomee mama hapo, taratibu.

Kinachoua APL ni damu kuvuja, hasa kwenye ubongo, siku zile za mwanzo. Sweden kwenye hospitali nzuri zote zile, kati ya mwaka 1997 na 2006 asilimia 29 walifariki ndani ya siku 30. Ndo maana ile dawa ya malaria imeniuma sana, mtu anatoka damu kwenye fizi na ana alama za bluu mtoe damu umpime FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, siku hiyo hiyo jamani, na APL ikihisiwa tu ATRA inaanza bila kusubiri majibu ya vinasaba. Mdogo wako wiki ya tatu na damu imekata, kavuka pabaya zaidi.

Hajamaliza lakini. Akipata homa, akihema kwa shida au akivimba na uzito kupanda ghafla, mwite nesi saa hiyo hiyo hata usiku wa manane, dawa zenyewe huleta hali hiyo na deksamethasoni ikiwahi inaituliza. Kabla ya arseniki apimwe umeme wa moyo, potasiamu na magnesiamu. Mitishamba hapana, diklofenaki hapana, mimba isiingie kabisa kipindi chote hiki. Na jipangeni, manake akishatulia dripu ni siku 5 kwa wiki, wiki 4 anachomwa wiki 4 anapumzika, mizunguko minne, kwa hiyo tafuteni ndugu anayeishi karibu na hospitali akae kwake.

Kesho ukienda wodini muulize daktari siku analazwa seli nyeupe zilikuwa ngapi, kama zilizidi 10,000 wataongeza na dawa ya kemo, msishtuke.