Jibu: Je, "imani" ni neno la dini pekee?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini bibi yako humwita jirani asiyeswali wala kusali "mtu mwenye imani". Kwa wazee wetu neno hilo ni huruma pia: mama anayemwona mtoto wa jirani amekaa kizingitini wakati wa chakula, akampakulia sahani bila kumwuliza kwao kumepikwa nini, amemwonea imani, na anayempiga punda aliyelemewa na mzigo huambiwa hana imani. Maana ya kuaminiana nayo ipo hata bungeni, kwani Ibara ya 53A ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inahusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mimi, hata hivyo, ile ya bibi yako ndiyo ninayoithamini zaidi, na ninasikitika kuisikia kwa nadra siku hizi.